Wenye Visima na Wenye Taa

Atokaye Kisumu kwa barabara kuu iendayo Isebania, akisha kupita Ahero, Oyugis, Kisii, Rongo na Awendo, huingia Uriri katika nchi ya Kanyamkago, mahali ambapo miwa imesogea hata ukingoni mwa lami, na matrekta yaliyosheheni mabua hupishana na malori ya mafuta yanayoteremka kwenda Migori; na lau angesimama kitambo kwenye kituo cha petroli akauliza bei ya lita moja, angetajiwa hesabu ambayo hapana mtu wa Uriri aliyeshirikishwa kuipanga, wala mwenye kituo, wala dereva aliyeyaleta mafuta hayo usiku. Bei hiyo asili yake ni mbali, katika miji kama Jeddah na Vienna, ambako wenye visima hukutana, wakazungumza, kisha wakatoa taarifa kwa walimwengu. Taarifa hizo, kila mafuta yanapoghalika, aghalabu huwa na ahadi moja: kwamba mafuta yataongezwa, kwa hiyo watu watulie. Zaidi ya miaka 50 sasa ahadi hiyo imekuwa ikirudi, na mtu akifuata tarehe zake moja baada ya moja, kama ninavyokusudia kufanya hapa, ataona kwamba wenye taa hawana sababu ya kuitia katika hesabu zao mpaka mafuta yenyewe yameonekana.

Mafuta ya taa yalitangulia petroli kufika kwetu. Katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa Unguja ilikwisha kuyapokea kutoka Marekani, yakiwa ndani ya makopo makubwa ya bati, mawili mawili katika sanduku la mbao. Na mwaka 1892 jahazi la moshi liitwalo Murex, la mfanyabiashara Marcus Samuel wa London, lilipopita katika mfereji wa Suez likiwa na mafuta ya Urusi ndani ya matangi yake badala ya makopo, biashara yote ya bahari za mashariki ilibadilika. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, bidhaa za pwani zilipata njia ya kuingia Nyanza, na meli za ziwani zikazichukua hadi gati za Kendu Bay na Homa Bay, ambako wenye maduka, wengi wao wakiwa Wahindi, walizitawanya masokoni. Lile kopo la bati likabaki na watu hata baada ya mafuta kwisha. Likatekewa maji, likapimiwa mahindi, likafunuliwa likaezekea jikoni, na mpaka leo katika soko la nafaka la Uriri hapana haja ya kumweleza mtu debe ni kiasi gani.

Na vipande vyake vikatengenezewa koroboi. Fundi wa bati alichukua kikopo kidogo, akatoboa kifuniko, akalehemu kijineli chembamba katikati, kisha akapitisha utambi wa pamba uliosokotwa kwa mkono hata ukagusa chini. Mwanga wake ulitosha kurasa mbili za daftari, ikiwa mtoto atainama karibu; na asubuhi masizi yalionekana ukutani juu ya meza, na katika matundu ya pua za yule mtoto. Kwa taa ya namna hiyo watu wengi wa Nyanza Kusini, ambao baadaye walikuwa waalimu na mahakimu, walisoma. Kwa ajili hiyo bei ya mafuta ya taa haikuwa jambo dogo katika nyumba hizo: yakipanda, taa ilizimwa mapema, na saa ya kusoma ikafupizwa.

Sasa yafaa tutazame tabia ya biashara hii, kwa kuwa asiyeijua atazisikiliza ahadi zake kama anavyosikiliza ahadi za mkulima wa mpunga, ambaye furaha yake ni mavuno makubwa. Biashara ya mafuta tangu ujana wake imeogopa wingi kuliko uchache. Kisima kikichimbwa na kufanikiwa, mafuta hutoka kwa gharama ndogo, na wenye visima wakiachiana kila mtu atoe atakacho, bei huanguka mpaka wote wakapata hasara. Ndivyo ilivyokuwa mashariki ya Texas mwaka 1931, ambako pipa moja, nalo ni lita 159, liliuzwa hata kwa senti 10 za Marekani. Serikali ya jimbo ikaingilia kati, na tume iliyoundwa zamani kwa kusimamia reli ikapewa kazi ya kumwambia kila mwenye kisima atoe mapipa mangapi. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1928, wakuu wa makampuni makubwa walikwisha kukutana katika ngome ya Achnacarry huko Uskochi, wakaafikiana kila mmoja abaki na sehemu yake ya soko asimwingilie mwenzake. Na nchi tano, yaani Iran, Iraq, Kuwait, Saudi Arabia na Venezuela, zilipokutana Baghdad mwezi wa Septemba 1960 na kuunda OPEC, baada ya makampuni kupunguza bei bila ya kuziuliza, mmoja wa waasisi wake, Juan Pablo Pérez Alfonzo wa Venezuela, alikuwa amejifunza kwa makini kazi ya ile tume ya Texas. Jumuiya hiyo, basi, ilizaliwa ili kulinda bei ya mali ya wanachama wake. Sisemi hivyo kwa kuilaumu. Kila mwenye mali ana haki ya kuilinda, na nchi zile zilikuwa zimedhulumiwa muda mrefu. Lakini mnunuzi atakayeitazamia jumuiya hiyo imwagie soko mafuta kwa ajili ya raha yake atakuwa amesahau iliundwa kwa kazi gani.

Ahadi ya kwanza iliyotugusa Waafrika ilikuja na vita vya Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta na kuyazuia yasiende kwa marafiki wa Israeli, na pipa lililokuwa likiuzwa kwa kiasi cha dola 3 mwanzoni mwa mwezi huo likatangazwa kwa dola 11.65 ilipofika tarehe 1 Januari 1974. Katika kipindi hicho nchi za Afrika, moja baada ya nyingine, zilivunja uhusiano na Israeli. Na Kenya, iliyokuwa na uhusiano mwema na nchi hiyo tangu uhuru, ilifanya hivyo mwanzoni mwa Novemba 1973. Wengi walisadiki, na baadhi ya viongozi walisema hadharani, kwamba udugu huo utalipwa kwa mafuta ya bei nafuu. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulituma kamati ya kuzungumza na mawaziri wa mafuta wa Kiarabu, na jibu lililotoka mwezi wa Januari 1974 lilikuwa mfuko wa mikopo wa dola milioni 200 kwa nchi za Afrika zote zenye dhiki. Bei maalumu haikutolewa. Baadaye benki ya maendeleo ilianzishwa, makao yake yakiwa Khartoum, ikaanza kazi mwaka 1975, na imejenga barabara na mabwawa mengi yenye manufaa. Lakini mkopo ni deni, na mtu wa Uriri aliyekwenda dukani na chupa yake mwaka 1974 alikuta mafuta ya taa yamepanda kama yalivyopanda kwa mtu wa nchi ambayo haikuvunja uhusiano na yeyote.

Msiba huo ulizaa ahadi nyingine, na hii ilikuwa ya nyumbani. Serikali ilitazama mashamba ya miwa ya Nyanza na Magharibi, ikaona molasi, ule uji mweusi ubakiao sukari ikisha kutolewa, ikasema kwamba kutokana na hiyo tutakamua spiriti ya kuchanganya na petroli, na Kenya itapunguza kuwategemea wenye visima. Wakati huohuo kiwanda cha sukari cha Nyanza Kusini kilijengwa Awendo, kikaanza kusaga mwishoni mwa miaka ya 1970, na mashamba ya Kanyamkago yaliyokuwa ya mahindi na mtama yakageuka kuwa ya miwa. Kwa hiyo, katika fikira za wapangaji, mkulima wa Uriri naye alikuwa amekwisha kuingia katika safu ya wenye visima.

Mambo hayakwenda kama yalivyoandikwa. Kiwanda kikubwa cha molasi kilianza kujengwa Kisumu mwaka 1977, kwa ubia wa serikali na wageni, gharama zake zikapanda mwaka hata mwaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ikasimama, mitambo ikiwa imeachwa kupigwa na mvua na jua. Habari za kiwanda hicho zilikuja kuingia hata katika msiba mkubwa wa taifa, kwa kuwa Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, alipouawa mwezi wa Februari 1990, mpelelezi John Troon aliyeletwa kutoka Uingereza aliitaja habari ya kukifufua miongoni mwa mambo aliyoona yastahili kuchunguzwa kama sababu. Kule Muhoroni mambo yalikwenda vizuri zaidi: kiwanda cha Agro-Chemical and Food kilitoa spiriti, na tangu mwaka 1983 hadi 1993 petroli yenye sehemu moja ya spiriti kwa kumi iliuzwa katika nchi hii. Nayo ilikoma. Petroli ya kigeni ilikuwa imerahisika, spiriti ilipata bei nzuri zaidi kwa wanunuzi wengine, na hapana aliyetaka kubeba hasara kwa ajili ya siku ya dhiki ambayo haijafika. Nayataja haya kwa kirefu ili isidhaniwe kwamba ahadi zisizotimia ni tabia ya Waarabu au Warusi. Sisi wenyewe, tulipopata nafasi ya kuwa watoaji wa mafuta, tulitenda vilevile, na kwa sababu zilezile.

Twende Ghuba. Katika miaka ya 1980 OPEC ilikuwa ikigawa mapipa kwa wanachama, na hazina ya mafuta iliyo chini ya ardhi ya kila nchi ilihesabiwa kuwa miongoni mwa hoja za kudai mgao mkubwa. Kati ya mwaka 1984 na 1990 nchi kadhaa, moja baada ya nyingine, zilitangaza hazina kubwa mno kuliko zilivyokuwa zimetangaza kabla: Falme za Kiarabu zilipanda kutoka mapipa bilioni 30 na kitu hadi kukaribia bilioni 100, na Saudi Arabia kutoka bilioni 170 hivi hadi zaidi ya 250, bila ya kuvumbuliwa visima vipya vya kiasi hicho. Tangu hapo hesabu hizo zimekaa pale pale kwa miaka mingi, ingawa mafuta yamekuwa yakitoka kila siku. Mwaka 2005 Mmarekani Matthew Simmons aliandika kitabu kizima cha kushuku uwezo wa visima vya Saudi Arabia, na watu wengi wakamwona mzushi. Katika mambo mengine alipita kiasi, kwa kuwa visima hivyo havikuanguka kama alivyohofu. Walakini kampuni ya mafuta ya Saudi Arabia, Aramco, ilipotaka kukopa kwa kuuza hatifungani mwaka 2019 na kulazimika kufungua vitabu vyake, ilionekana kwamba Ghawar, uwanja mkubwa kuliko yote duniani, uliovumbuliwa mwaka 1948, uwezo wake wa juu ulikuwa mapipa milioni 3.8 kwa siku, ilhali wataalamu walikuwa wamezoea kutaja milioni 5.

Insafu yanitaka niseme kwamba ziko nyakati ambazo mafuta yaliongezwa kwa kweli. Iraq ilipoivamia Kuwait mwezi wa Agosti 1990, Saudi Arabia iliongeza mamilioni ya mapipa kwa siku katika muda wa miezi michache, na dunia ikaponea hapo. Mwaka 1985 ukiingia 1986 Wasaudi walifungua visima vyao baada ya kuchoka na wenzao waliokuwa wakivunja mgao, bei ikashuka chini ya dola 10. Na Aprili 2020, walipogombana na Warusi, walifanya tena. Lakini zitazameni nyakati hizo. Ya kwanza ilikuwa vita mlangoni mwa nyumba yao wenyewe. Nyingine mbili zilikuwa ugomvi wa kuwaadhibu washindani. Hapana hata moja iliyotokana na kilio cha mnunuzi.

Kilio cha mnunuzi kilipelekwa Jeddah tarehe 22 Juni 2008, katika mkutano ulioitishwa na Saudi Arabia yenyewe, na mfalme akaahidi kwamba nchi yake itafikisha mapipa milioni 9.7 kwa siku. Wiki tatu hazikutimia, pipa likafika dola 147. Lilishuka baadaye mwaka uleule kwa sababu benki za Marekani zilianguka na watu wakaacha kununua. Kilio kilipelekwa tena Julai 2022, safari hii na Rais wa Marekani kwa miguu yake mwenyewe, baada ya vita vya Ukraine kughalisha kila kitu, naye akarudi na matumaini. Na mwezi wa Agosti wenye visima wakatangaza nyongeza ya mapipa 100,000 kwa siku. Dunia hutumia kiasi cha mapipa milioni 100 kwa siku. Nyongeza hiyo, basi, ilikuwa sehemu moja katika elfu, ambayo mtu akiipima kwa debe letu la sokoni haizidi sana kijiko kikubwa kimoja. Na tarehe 5 Oktoba, wakiwa Vienna, walitangaza kuupunguza mgao kwa mapipa milioni 2. Kisha Januari 2024 serikali ya Saudi Arabia ikaiagiza Aramco iache mpango wake wa kufikisha uwezo wa mapipa milioni 13, ibaki na milioni 12, ingawa mpango huo ulikuwa umetangazwa kwa miaka kadhaa kama dhamana ya mafuta ya kesho.

Mtu anaweza kuuliza haya yanamhusu nini mkulima asiye na gari. Njia ya mafuta hadi kwake ni ndefu: meli hushusha Mombasa, bomba huyapeleka Nairobi, na tangu mwaka 1994 bomba hilo limefika Kisumu, ambako malori huyapokea na kupanda nayo Kisii kabla ya kushuka kwetu. Katika kila kituo huongezeka nauli, na juu ya nauli ushuru, na juu ya yote thamani ya dola. Mamlaka ya nishati hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi kwa kutazama shehena zilizokwisha kununuliwa, kwa hiyo hata ahadi ya kweli ingechukua wiki nyingi kufika Uriri. Septemba 2022, mwezi ambao ile nyongeza ya mapipa 100,000 ilianza, petroli ya Nairobi ilipanda kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30, kwa kuwa serikali mpya iliondoa ruzuku. Na Septemba 2023 ilifika 211.64, wakati pipa lilikuwa karibu dola 90 tu, kwa sababu shilingi ilikuwa imedhoofika na kodi imeongezwa maradufu. Mafuta ya taa, yaliyotozwa shilingi 18 zaidi kwa lita tangu mwaka 2018 ili yasichanganywe na dizeli, yalivuka 200 nayo, na nyumba nyingi zimekwisha kuhamia taa za jua.

Lakini miwa haihami. Mkulima huuza miwa yake kwa tani, na katika malipo yake hukatwa gharama ya kulimiwa kwa trekta, ya mbegu, ya mbolea, ya kukatiwa, na ya kusafirishiwa hadi mzanini. Yeye hakununua dizeli hata lita moja, wala hakuulizwa. Hupokea tu karatasi yenye safu za makato, na fungu la usafiri ni lile asiloweza kulipunguza kwa jasho lake, kwa maana angeweza kupalilia mwenyewe na kukata mwenyewe, lakini hawezi kuibeba tani kichwani hadi Awendo. Nimewaona wazee wakiifuata karatasi hiyo kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka chini, kisha wakarudi juu kuanza tena. Bei ya pipa iliyoamuliwa Vienna huandikwa hapo, kwa wino, na kukatwa katika ada ya shule. Na Aprili 2022, wakati vituo vya nchi nzima vilipokauka kwa sababu wafanyabiashara walikuwa hawajalipwa ruzuku yao, na wakubwa wakasema redioni kwamba mafuta yako tele katika matangi, vijana wa bodaboda walisukuma pikipiki zao kutoka kituo hadi kituo, wakiwa wamesikia maneno hayo na kuyasadiki.

Limebaki la Turkana. Tarehe 26 Machi 2012 Rais Kibaki alitangaza kwamba kampuni ya Tullow imepata mafuta katika kisima cha Ngamia, na yakafuata maneno ya mapipa 60,000 kwa siku, hata 100,000, na ya bomba lenye urefu wa kilomita zaidi ya 800 hadi Lamu. Mafuta yale ni mazito kama nta, hayatiririki yasipotiwa moto, na kiwanda chetu cha kusafishia cha Changamwe, kilichofanya kazi tangu mwaka 1963, kilifungwa mwaka 2013 kabla hayajasafiri. Juni 2018 malori yakaanza kuyateremsha Mombasa. Wiki chache baadaye wenyeji wa Turkana wakayazuia wakidai usalama wao. Na mwezi wa Agosti 2019 shehena ya kwanza ikaondoka, mapipa 200,000, kiasi cha kutosha haja ya nchi hii kwa siku mbili hivi. Mwaka 2023 kampuni mbili kati ya tatu zenye ubia zilijitoa, na mwaka 2025 Tullow nayo ikaafiki kuiuzia sehemu yake Gulf Energy. Sasa imetolewa ahadi mpya, ya kuanza na mapipa 20,000 kwa siku na kuongeza baadaye. Bomba la Lamu halijajengwa, na mafuta yakitoka yatabebwa kwa malori, yanayotumia dizeli iliyoletwa na meli kutoka Ghuba.